Usiniambie Nipo

Ninayemsimulia hapa ni fundi wa lifti asiyepanda lifti. Jengo liwe refu namna gani, atabeba sanduku lake la spana, atapita mlango wa ngazi, na baada ya kitambo utamsikia kwenye redio, pumzi juu juu, akisema amefika chumba cha mashine. Wapangaji walidhani ni mazoezi ya mwili. Walinzi walimwuliza kama anaogopa kazi ya mikono yake mwenyewe. Sisi tulimbatiza jina la Mzee Ngazi, kwanza kwa kumteta, baadaye usoni, naye akaliitikia bila kinyongo.

Mimi nakaa kwenye redio ya ofisi. Lifti ikikwama mahali, simu inakuja kwangu na mimi ndiye ninayewatuma mafundi. Wanachosemezana huko waliko nakisikia chote, kitamu na kichungu. Jioni wakirudi nachaji redio zao za mkononi. Wananiita Shangazi, hata walionizidi umri, na nadhani ni kwa sababu ya ukali. Mtu akinirudishia redio yenye grisi namwambia akaipanguse kwanza, salamu baadaye.

Kazi ya lifti inafanywa na watu wawili wasioonana. Mmoja yuko juu kabisa, penye mota na swichi kubwa ya umeme. Mwenzake yuko chini kabisa, ndani ya shimo, chini ya kile chumba kinachobeba watu. Anasafisha, anapaka grisi, anakaza kilicholegea. Kati yao pana ghorofa zote za jengo, na kinachowaunganisha ni redio tu. Aliye juu hawashi umeme mpaka aulize, "Uko wapi?" Aliye chini anatakiwa awe ameshatoka shimoni ndipo ajibu. Akishajibu, swichi inapandishwa na lifti inashuka yenyewe mpaka ghorofa ya chini, ndivyo ilivyopangwa.

Zamani jibu lilikuwa lolote lile. Washa. Tayari. Poa. Na lililopendwa kuliko yote, nipo.

Hili neno nipo nimelichukia, lakini nitalitendea haki. Ni neno la adabu. Mtu akikuuliza umepotelea wapi siku hizi, unasema nipo. Akikuuliza hali, unasema nipo tu, nasukuma siku. Mgonjwa yupo, aliyefukuzwa kazi yupo, mwenye ndoa inayowaka moto naye yupo. Halimsumbui aliyeuliza, na ukishalisema hakuulizi tena. Ila hata ulirudie mara mia, halisemi uko wapi.

Tulikuwa na fundi tukimwita Mluzi. Alipiga mluzi tangu anaingia kazini mpaka anatoka, wimbo mmoja usio na mwisho ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Nilimgombeza sana kwa ajili ya ule mluzi. Yeye na Ngazi walikuwa chanda na pete. Wakati huo Ngazi hakuwa na jina hilo, alipanda lifti kama watu wote. Walikula sahani moja, walinuniana kwa sababu ya mpira, na wake zao walikuwa wanaitana wifi ingawa hawana undugu wowote.

Siku ile walikuwa kwenye lifti ya jengo hili hili lenye ofisi yetu. Mluzi alimaliza kazi shimoni, akaiachia swichi nyekundu ya usalama iliyoko mle chini, ambayo ikibonyezwa lifti haisogei, akatoka. Halafu akakumbuka tochi yake. Akarudi kuichukua, na mlango wa shimo, pale ukumbini, ukiuachia unajifunga wenyewe. Juu, mwenzake akauliza, "Uko wapi?"

"Nipo, kaka," Mluzi akajibu.

Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alilitamka vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu aliyechelewa kwenda kula. Na yule kaka akawasha.

Sitaeleza kilichofuata. Nitasema tu kwamba tochi ilikutwa mkononi mwake, na ilikuwa bado inawaka.

Wachunguzi walikuja, wakaondoka. Walisema hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu hakukuwa na sheria juu ya namna ya kujibu. Tulidhani Ngazi hatarudi tena. Alirudi. Asubuhi aliyorudi alinisalimia, akasimama mbele ya rafu ya chaja, akaichukua redio ya Mluzi ambayo hakuna fundi aliyetaka kuigusa. Halafu akapita mlango wa ngazi. Tangu siku hiyo hakushuka tena kwenye shimo lolote, kazi yake ikawa ni ya juu tu, na kila aliyepangwa naye aliambiwa jambo moja kabla ya kitu kingine chochote.

"Usiniambie nipo. Niambie uko wapi."

Ukimjibu poa, hawashi. Ukimjibu tayari, hawashi. Nipo ndiyo kabisa, ataizima redio kidogo, atavuta pumzi, kisha ataanza upya kama hakusikia. Jibu alilolikubali lilikuwa moja: "Niko nje, mlango umefungwa." Mafundi walinung'unika, kisha wakazoea, na hatimaye ikawa sheria ya kampuni nzima.

Lakini kuna mambo ambayo sheria haiyapangusi. Lifti ya jengo hili ikikosa abiria hushuka chini, inafungua milango, inakaa, inafunga. Najua ni mpangilio wake. Nimeelezwa mara nyingi, tena kwa michoro. Pamoja na hayo, ikifunguka pale mbele ya ofisi bila mtu ndani, najikuta nimekatisha sentensi niliyokuwa nayo mdomoni. Na redio zikiwa kwenye chaja hukwaruza mara moja moja, kama mtu anayetaka kusema akaghairi. Mchana mmoja Ngazi aliingia ofisini akasimama katikati ya mlango.

"Umesema nini, Shangazi?"

"Sijasema kitu."

"Kuna mtu amesema nipo."

Nikamwambia aende akanywe maji, jua limempiga. Alienda. Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nimesikia ule mkwaruzo, na kwangu pia ulifanana na neno hilo. Niliogopa, ndiyo ukweli wenyewe.

Kitu cha ajabu ni kwamba lile swali lilianza kutoka kazini likatufuata kwenye chai. Ngazi alikuwa akimtazama mtu usoni, anauliza, "Uko wapi?" Wa kwanza walimdhihaki.

"Niko kwenye kiti, Mzee, nakula mkate."

"Mwili nauona," anasema. "Nimekuuliza wewe."

Wengine walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Lakini yeye hakuondoka, alikaa akisubiri, na kuna waliojikuta wanasema. Mmoja alikuwa mahakamani kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba yake. Mwingine alikuwa kwenye kitanda cha mkewe, anajiuliza kwa nini mke hageuki upande wake tena. Mtu wa namna hiyo Ngazi hakumpeleka shimoni siku hiyo. Alimpa kazi ya kufuta vumbi kwenye paneli, akabadilishana zamu na wenzake, na hakueleza sababu kwa mtu.

Mimi pia aliniuliza. Dada yangu alikuwa amelazwa, nami nilikuja kazini nikafunga mdomo, maana matatizo ya kwetu ni ya kwetu. Akasimama mbele ya meza.

"Shangazi, uko wapi?"

"Una macho ya nini? Niko hapa mezani!"

Akasimama tu. Nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akasimama.

"Niko wodini kwa dada yangu," nikasema.

Akavuta kiti, akakaa kwenye redio yangu, akaniambia nenda. Na redio aliiweza vibaya, alimtuma fundi kwenye jengo la watu wengine kabisa. Ila nilimkuta dada yangu bado anazungumza, na mazungumzo yale ndiyo niliyobaki nayo.

Kisha akaja Meneja mpya. Simsemi vibaya, alianzia ufundi kama wote, mikono yake ina makovu. Lakini alikuwa anapigiwa simu na wenye majengo kutwa, na kila aliyepiga alikuwa na swali lile lile: mbona mafundi wenu wanachukua muda mrefu? Akamwita Ngazi, mlango ukiwa wazi.

"Mzee, redio si kijiwe. Unauliza, unajibiwa, unawasha. Ukiniletea malalamiko mengine nakupeleka stoo, ukapange bolti."

"Sawa," Ngazi akasema.

Alipotoka nilimwona amekuwa mdogo ndani ya ovaroli yake. Stoo kuna feni, kuna kiti, na hakuna ngazi. Mtu wa umri wake angeshukuru. Lakini akiondoka kule juu, nani atauliza? Wale vijana walikuwa na haraka kama Mluzi. Nilijua anawaza hilo kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo.

Wakati huo ndipo yalipomfika Bwana Harusi. Tulimpa jina hilo kwa kuwa alikuja kazini na viatu vya harusi, vinang'aa, siku ya kwanza baada ya fungate. Alikuwa mcheshi, mwepesi kushuka shimoni kuliko wote. Mkewe alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakufikia hata kupewa jina. Bwana Harusi akakaa nyumbani kidogo, akarudi. Tukampa pole, mmoja mmoja, kwa heshima zote.

"Nimeshapoa," akatujibu, mmoja mmoja.

Jibu hilo nalo ni ndugu wa nipo, baba mmoja mama mmoja. Tulilipokea, tukarudi kwenye kazi zetu. Ngazi peke yake alimfuata mpaka kwenye makabati, akamwuliza uko wapi. Bwana Harusi akacheka. "Kazini, Mzee. Nataka kazi tu." Siku hiyo hakukuwa na fundi mwingine wa kupangwa, wote nilikuwa nimeshawatuma mjini. Na kazi yenyewe ilikuwa lifti ya jengo letu.

Ilikuwa mchana, watu wanarudi kutoka kula. Ukumbi ulijaa, wapangaji wanasimama mbele ya kile kibao cha "Samahani, matengenezo" na kukitazama kana kwamba wakikikazia macho kitaona aibu kiondoke. Meneja alikuwa katikati yao, anawatuliza, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa mezani, mlango wazi, naona migongo yao, nasikia redio.

"Bwana Harusi, uko wapi?" Ngazi akauliza kutoka juu.

"Niko nje, mlango umefungwa."

Jibu sahihi, neno kwa neno. Nikasubiri mvumo wa mota. Haukuja.

"Bwana Harusi," Ngazi akasema. "Unaona nini?"

Swali hilo sikuwahi kulisikia. Halikuwa kwenye sheria. Mimi mwenyewe nikanyanyua shingo kumtafuta Bwana Harusi katika ile migongo, na sikumwona, nikajiambia labda amezibwa na watu.

Meneja akaingilia. "Mzee, ameshajibu. Washa bwana, watu wamejaa hapa!"

"Unaona nini, mwanangu?"

Kisha sauti ndogo, ya mtu anayeamshwa.

"Naona springi."

Ukumbini hakuna springi. Ukumbini kuna vigae, kuna mlinzi, kuna ndoo ya deki. Springi ziko shimoni tu, nazo hukaa pale kuipokea lifti. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Bonyeza swichi nyekundu," Ngazi akasema, taratibu sana. "Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Kaa hapo hapo. Nashuka."

Lakini aliyefika wa kwanza alikuwa Meneja. Aliwasukuma wapangaji, akaufungua mlango wa shimo kwa ufunguo wake, akateremka kijingazi cha chuma na shati lake jeupe. Ngazi alipotokea, pumzi zimemwishia, aliwakuta wamekaa wote wawili kwenye sakafu ya shimo, Meneja amemshika Bwana Harusi bega, shati limekuwa ramani ya grisi. Bwana Harusi alikuwa anasema jambo moja tu.

"Nilidhani nimetoka. Haki ya Mungu, Mzee, nilidhani nimeshatoka."

Alikuwa ameiachia swichi, akainama kuokota kitambaa chake cha kufutia mikono, na mawazo yakaenda kwa mtoto. Akakaa. Alipoulizwa, mdomo ulijijibia wenyewe, kama tunavyojijibia sote. Meneja akamtazama Ngazi.

"Ulijuaje?"

"Nje kuna kelele," Ngazi akasema. "Nyuma ya sauti yake palikuwa kimya. Nakijua kile kimya. Siku ile kilikuwepo, nami nikakiacha kipite."

Meneja akamwambia Bwana Harusi aende nyumbani akapumzike.

"Nyumbani kuna kitanda kidogo," Bwana Harusi akasema. "Nipeni kazi."

Walipokwisha kupanda kutoka shimoni, Ngazi akatoa uamuzi. Alimvua Bwana Harusi mkanda wa spana, akaufunga kiunoni mwake mwenyewe, akasema wewe panda juu na Meneja, chini hapa namalizia mimi. Nilitaka kupinga. Shimo lile! Wale wawili wakaelekea juu, na nikaona Meneja anausukuma mlango wa ngazi bila mtu kumwambia. Ngazi akageuka, akashika kile kijingazi kwa mikono miwili, akashuka kinyumenyume mpaka kichwa kikapotea.

Nilirudi mezani, nikasikia spana ikigonga chuma chini ya sakafu. Baadaye ikaacha kugonga. Wapangaji wengi walishakata tamaa na kupanda kwa miguu, ukumbi ukabaki na mlinzi. Redio ikakwaruza.

"Mzee, tumefika juu," Bwana Harusi akasema. "Umemaliza? Uko wapi?"

Hakuna jibu. Na sasa na mimi nikakijua kile kimya. Kilikuwa kwenye redio, na kilikuwa chini ya miguu yangu.

"Mzee, uko wapi?"

"Nipo," Ngazi akasema.

Miaka yote ile hakuwahi kulitamka. Sijui nieleze vipi sauti ile. Ilikuwa yake, lakini ilikuwa imetoka mbali, kupitia ile redio ya Mluzi, na kwa nukta moja sikuwa na hakika ni nani aliyejibu. Nilikimbia mpaka mlango wa shimo.

Bwana Harusi naye hakuwasha. Nilisikia anavuta pumzi.

"Usiniambie nipo, Mzee. Niambie uko wapi."

Nilipiga magoti nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati ya shimo, uso umeelekea ukutani, redio mdomoni. Taa ya kazi ilimwangaza miguu tu.

"Niko shimoni," akasema.

"Unaona nini?"

"Namwona mwenzangu. Ameshika tochi. Namwona kila siku, mwanangu. Sijawahi kutoka humu."

Mlinzi alivua kofia yake. Kule juu Meneja alisema kitu ambacho redio haikukishika vizuri, kisha Bwana Harusi akarudi, na sauti yake ilikuwa imelowa.

"Basi toka, Mzee. Taratibu tu. Swichi nimeikalia hapa, haiwashwi mpaka utoke."

Nikainama, nikanyoosha mkono. Hakuuona mara moja. Nikamwita kwa jina lake, lile la kuzaliwa, ambalo nilikuwa sijalitumia tangu msiba. Akageuka, akapanda kijingazi, akaushika mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, umejaa grisi mpaka kwenye kucha, na safari hii sikumwambia mtu akapanguse.

Mlango ukajifunga nyuma yake. Alisimama ukumbini akipepesa macho, kisha akabonyeza redio.

"Niko nje, mlango umefungwa."

"Unaona nini?"

Akanitazama.

"Namwona Shangazi," akasema. "Analia."